Kipupwe Kikiingia, Kanisa Litoke Nje

Masika yakishakata, Tangini haichelewi kukauka. Tope la njia za ndani linageuka vumbi, mahindi ya bondeni yanaanza kuvunwa, asubuhi mtu anatoka na sweta mpaka saa tatu, na mara shule zinafungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Kwa kanisa la Kianglikana la Kibaha, huu ndio msimu wenye vitu vinavyokosekana miezi mingine: vijana wako nyumbani, njia zinapitika, na shughuli ya uwanjani haitishiwi na mvua. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunauacha upite. Pasaka imekwisha, Krismasi iko mbali, padri anavaa kijani Jumapili baada ya Jumapili, na matangazo ni yaleyale: kwaya wabaki, wazee wabaki, mchango wa jengo haujatimia.

Ndugu zetu wa Kanisa la Episkopo la Marekani, ambao ni Waanglikana wenzetu kwa jina jingine, miezi hiyohiyo kwao ni kiangazi. Watu wanasafiri, viti vinabaki wazi, na ndipo wanapopanga kambi za watoto na kazi za mitaani. Sisi jua hilo tunalipata Januari. Juni mpaka Agosti ni kipupwe, na kwa kazi za nje kipupwe kinakishinda kiangazi chao kwa mbali, maana mzee wa miaka sabini anaweza kutembea kutoka Tangini mpaka Maili Moja asirudi anatweta.

Kabla sijafika kwenye kazi yenyewe, kuna neno la kuwekana sawa. Katika makanisa yetu mengi ya Dayosisi ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1965 chini ya Askofu John Sepeku, kanisa la mahali na watu wake huitwa mtaa. Serikali nayo ina mtaa wake, wenye mwenyekiti na mtendaji. Nimeshawahi kukaa kwenye kikao ambapo mtu alisema “tumekubaliana na mwenyekiti wa mtaa”, nusu ya wajumbe wakaelewa mlei wetu, nusu wakaelewa Serikali, na barua ya kuomba uwanja haikuandikwa na yeyote. Kwa hiyo humu nikisema kanisa, ni kanisa. Nikisema mtaa, ni wa Serikali.

Anza na kalenda, na uianze mapema, Jumapili ya Utatu isikukute bado unatafuta kalamu. Andika kwanza siku zisizohama. Tarehe 14 Juni ni Siku ya Wachangia Damu Duniani. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976. Tarehe 24 ni Yohana Mbatizaji, 29 ni Petro na Paulo. Saba Saba inawavuta vijana wote Dar es Salaam, kwa hiyo wiki hiyo usipange kitu kinachowahitaji. Tarehe 22 Julai ni Maria Magdalena, na 8 Agosti ni Nane Nane.

Kisha andika siku za majirani, ambazo ndizo tunazozisahau. Pwani ni mkoa wenye Waislamu wengi, na sikukuu zao zinarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, hivyo tarehe ya mwaka jana haikusaidii. Muulize imamu au mzee wa msikiti ulio karibu. Baada ya mavuno ndipo pia Wazaramo wanapowacheza wali wao, na harusi zinajaa. Ukipanga kongamano Jumamosi ambayo nyumba ya tatu kutoka kanisani inamtoa mwali, usimlaumu mtu kwa kelele za ngoma. Ngoma ilikuwa na miadi, wewe hukuuliza.

Na kuuliza ndiko kazi inakoanzia. Mwaka mmoja tulibeba sabuni, biskuti na nguo kuukuu tukazipeleka kwenye kituo kimoja cha watoto, tukaimba, tukapiga picha. Mlezi alitupokea vizuri mno. Wakati tunaaga nikaomba kwenda msalani, nikapita stoo: sabuni zimepangwa mpaka dari, za vikundi vilivyotutangulia. Kilichokosekana, aliniambia pale mlangoni kwa sauti ya chini, ni mtu wa kumpeleka mtoto mmoja kliniki kila mwezi, kwa sababu wao ni wawili tu na hawawezi kuwaacha wengine. Sisi tulikuwa watu ishirini na wanne na magari matatu.

Tangu hapo natumia njia hii. Wiki mbili za kwanza za Juni hakuna anayepeleka chochote kwa mtu yeyote. Wagawe waumini wawili wawili, mzee na kijana, mwanamke na mwanamume inapowezekana. Mtendaji wa mtaa apewe taarifa, na mjumbe wa eneo naye, ili watu wasidhani ni wakopeshaji wa mikopo ya riba, maana siku hizi mgeni mwenye daftari anatia hofu. Kila wawili wapite nyumba kumi zilizo jirani na kwao, si zilizo jirani na kanisa, wakiwa na maswali mawili tu: hapa nyumbani kuna nani anayehitaji mtu? Na ninyi mnaweza kutusaidia nini? Hilo la pili usiliache. Linamtoa mwenye nyumba kwenye nafasi ya kuombaomba, na mara nyingi linakupa fundi, mpishi, mtu mwenye turubai au mwalimu mstaafu wa hisabati.

Tulikaa barazani kwa bibi mmoja, Mwislamu, anaishi na mjukuu wa darasa la pili. Tulipomuuliza anahitaji nini, alifungua pindo la khanga akatoa simu ndogo ya vitufe, kioo kimepasuka kona.

“Shida yangu hii hapa, mwanangu. Inalia, lakini sina wa kunisomea.”

Meseji zilikuwa nyingi, za matangazo karibu zote. Katikati yake mlikuwa na moja ya miezi miwili nyuma, ya mwanawe aliyeko Mbeya, akisema amebadilisha namba. Bibi alikuwa anapiga ile ya zamani kila Ijumaa, anaambiwa haipatikani, na moyoni alishaanza kuhesabu msiba. Kijana wetu aliipiga namba mpya palepale. Hatukuwa na sabuni hata mche mmoja siku hiyo.

Kwa hiyo, ratiba ya ziara za wazee iandikwe kwa majina na siku: fulani na fulani, kila Jumanne saa kumi, nyumba tatu, basi. Kusoma meseji, kuandika namba za watoto kwa tarakimu kubwa ukutani, kuangalia dawa za presha zimebaki ngapi, kuchota maji. Umoja wa Akina Mama, ambao Mary Sumner aliuanzisha Uingereza mwaka 1876 kwa mikutano ya akina mama sebuleni kwake, kazi hii wanaifahamu kuliko halmashauri nzima ya kanisa. Waachieni waiongoze, na wapewe nauli.

Damu nayo ni kazi ya kanisa, na msimu wake ndio huu. Akiba ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama inategemea sana wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, wachangiaji hao wanatawanyika, lakini ajali hazifungi. Hospitali ya Tumbi, ambayo ndiyo ya rufaa ya mkoa, iko kwenye Barabara ya Morogoro, njia ya malori na mabasi yanayokwenda bara mpaka nchi jirani. Majeruhi wa barabara hiyo wanapelekwa pale, na mama anayetokwa damu baada ya kujifungua analazwa palepale. Zungumza na maabara ya hospitali wiki tatu kabla. Wao watakuambia wanaweza kuja kanisani kwenu au ninyi mwende kwao, na idadi gani ya watu inawafaa kwa siku.

Waumini waambiwe masharti Jumapili mbili mfululizo ili wasije kukataliwa mbele za watu: umri miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, afya njema, na kama ulishachangia, mwanamume awe amepumzika miezi mitatu, mwanamke minne. Mama mjamzito au anayenyonyesha asije kwenye foleni. Apewe kazi ya kupokea wageni. Watu wale kabla ya kuchangia. Tunao waumini wenye bidii wanaoona ni vizuri kufunga siku ya tendo la huruma, na wawili kati yao nimewashika mimi mwenyewe wakianguka. Uji na maandazi viwepo saa mbili asubuhi, soda na karanga baadaye. Majibu ya vipimo ni ya mtu binafsi. Mzee wa kanisa asisimame karibu na meza ya mshauri kwa kisingizio chochote, hata cha kuleta maji.

Alika na msikiti. Siku ya damu ni siku moja ambayo hakuna anayemuuliza mwenzake anasali wapi, na imamu akichangia wa kwanza, foleni yako inakuwa ndefu kuliko ulivyotarajia.

Sasa watoto. Likizo ya Juni na shule ya Jumapili ni vitu viwili mbalimbali, na kosa la kwanza ni kuichukua shule ya Jumapili na kuinyoosha siku tano. Mtoto aliyetoka kwenye mitihani hataki ubao. Wiki moja inatosha, Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi mpaka saa sita na nusu, baada ya hapo uji au wali maharage, kisha nyumbani. Simulizi za Biblia ziigizwe. Pata bibi au babu wa mtaani afundishe hadithi na vitendawili. Bao, kamba, mpira wa vitambaa walioushona wenyewe, nyimbo. Usihangaike na zawadi za plastiki.

Watoto wa Kiislamu watakuja, kwa sababu marafiki zao wanakuja. Mzazi aambiwe mapema na kwa uwazi saa gani kuna mafundisho ya dini na saa gani ni michezo, achague mwenyewe. Kumfundisha mtoto wa mwenzio sala kwa kumnyemelea ni wizi, na ukigundulika unaua miaka kumi ya ujirani. Nimesema wizi na silirudishi.

Kuhusu usalama, sitakuwa mpole. Kila mtoto aandikishwe: jina, umri, simu ya mzazi, nani anaruhusiwa kumchukua, na ugonjwa alionao, hasa pumu, kifafa na selimundu. Mtoto mwenye selimundu hapaswi kukimbizwa juani wala kukaa bila maji, naye mwenyewe hatakuambia. Watu wazima wasipungue wawili kila mahali walipo watoto, na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja, awe katekista, mwanakwaya au padri. Msalani waende kwa makundi na mlezi wa kike kwa wasichana. Wanaovuka Barabara ya Morogoro wavushwe na watu wazima wawili wenye bendera nyekundu, kwenda na kurudi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, kwa hiyo jambo la namna hiyo halimalizwi kwenye kikao cha wazee kwa kuombana msamaha. Namba ya bure ya kusaidia watoto ni 116. Iandikwe ukutani watoto wenyewe waione.

Darasa la saba na kidato cha nne hutawapata. Wengi wako kwenye kambi za masomo, wa kwanza wakingoja mtihani wa Septemba na wenzao wa Novemba. Wafungulieni kanisa jioni. Taa zipo, viti vipo, na kuna nyumba nyingi ambako wanafunzi wanne wanasomea chumba chenye televisheni inayowaka mpaka saa tano usiku. Anatakiwa mlezi mmoja mwenye funguo na mwalimu wa kujitolea. Hii ndiyo huduma ya bei nafuu kuliko zote ninazozijua, na sielewi kwa nini makanisa yanafungwa kwa kufuli saa kumi na mbili.

Chakula cha pamoja cha Julai kinahitaji adabu yake. Ukiwaalika majirani, mbuzi achinjwe na Mwislamu, mbele ya watu, na mpishi ajulikane. Sufuria zilizowahi kupikia kitimoto zisitokee, hata kama zimesuguliwa mpaka zinang'aa, azima nyingine. Ni bora zaidi pilau mkampa mama ntilie wa jirani alipike kwa malipo, naye akapata riziki, ninyi mkapata nafasi ya kukaa na wageni badala ya kuhangaika na moshi. Tangazo liseme wazi kwamba hakuna mahubiri, na kweli pasiwe na mahubiri. Padri asimame aseme karibuni, aketi. Najua kuna watakaonuna kwamba nafasi imepotea. Kaa na mtu mle sinia moja, kisha uone nani amepoteza nini.

Vijana wana deni la safari moja kwenda Kisarawe. Mwaka 1925 chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Kiungani, Unguja, kikaletwa Minaki, kwenye vilima vya Kisarawe. Kiungani ilikuwa imeanza kwa ajili ya wavulana waliotolewa utumwani, kazi ya misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, UMCA, iliyofika Unguja mwaka 1864. Leo Minaki ni sekondari ya Serikali, hivyo mwandikie mkuu wa shule kwanza uombe ruhusa, na kama wanafunzi wako likizo uulize nani atafungua. Msiende kama watalii. Bebeni fagio na majembe, ombeni kazi ya saa mbili ya usafi, halafu keti na vijana chini ya mti uwasimulie kwamba kanisa lao lilifika huku likiwa mikononi mwa watoto waliowahi kuuzwa sokoni. Wengi hawajawahi kuambiwa. Wanadhani Uanglikana ni kanzu nyeupe na ubani.

Miezi hii ndiyo pia wageni wa kanisa rafiki wanapokuja kutoka Marekani au Uingereza, kwa kuwa kwao ni likizo. Karibuni sana, lakini mambo manne yasemwe kabla hawajakata tiketi. Kazi ya kujitolea ina kibali chake, kwa hiyo Uhamiaji waulizwe mapema. Viza ya matembezi si ya kujengea madarasa. Watoto hawapigwi picha bila ruhusa ya mzazi. Wasigawe pesa wala peremende njiani. Na wasipangiwe kupaka rangi ukuta ambao kijana wa Tangini angeupaka kwa ujira wa siku. Wapangieni kwenda na wale wawili wawili kwenye ziara za wazee, wakae kwenye jamvi, wanywe chai, wasielewe nusu ya mazungumzo. Mmoja wao aliniambia siku ya kuondoka kwamba lile jamvi ndilo alilolijia.

Pesa: daftari moja, watu wawili wa kutia sahihi, michango ya simu iingie namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, si ya mhazini. Mapato na matumizi yabandikwe mlangoni kila mwisho wa mwezi. Sina zaidi.

Kuhusu miti, subirini. Kila Juni kuna anayeleta wazo la kupanda miche mia tatu, na kila Septemba tunahesabu vijiti vikavu. Kipupwe hakina mvua ya kutosha. Tumieni miezi hii kuotesha kitaluni na kuchimba mashimo, miche itoke vuli itakapoanza kunyesha, na kila mche uwe na jina la mtu wa kuumwagilia.

Hayo yote hayatendeki mwaka mmoja. Ukiweza mawili, ziara za wazee na damu, umefanya kazi kubwa kuliko makongamano mengi niliyohudhuria. Wiki ya watoto iongeze mwaka wa pili, ukishapata walezi unaowaamini.

Kikao cha kwanza kiwe Jumapili ya Utatu, baada ya ibada, kisizidi saa moja. Njoo na majina ya nyumba kumi za jirani zako. Kama huyajui, hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii.